Filimbi ya Mwindaji ni Mali ya Nani?

Yapo mabishano ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza hucheka, na akikaa kuyafikiri huacha kucheka. Mojawapo ni ubishi wa huko Marekani juu ya chombo cha kuitia wanyama wa porini, chombo kinacholia kwa nguvu ya hewa iliyosukumwa na mivukuto au iliyobanwa ndani ya mtungi, badala ya pumzi ya mwindaji mwenyewe. Mwenye kukitengeneza ataka apewe hataza, yaani hati ya serikali ya kuwazuia watu wengine wote wasikitengeneze, wasikiuze wala wasikitumie bila idhini yake. Mkaguzi wa ofisi ya hataza asema hapana: filimbi ni ya zamani, mivukuto ni ya zamani, na kuviunganisha viwili hivyo si uvumbuzi. Ubishi wa namna hii hupanda kutoka kwa mkaguzi hadi kwenye baraza la rufani, wala haumaliziki mpaka lijibiwe swali moja: aliyeondoa kinywa akaweka kiriba mahali pake amevumbua kitu, au amefanya kazi ambayo fundi yeyote mwema angaliifanya kama angaliombwa?

Twajua ya kuwa wako wasomaji wetu watakaosema, "Sisi tuna shida ya nauli na bei ya unga, ninyi mwatuletea filimbi za wawindaji wa Marekani." Twawaomba wavumilie kidogo. Ndani ya swali hili dogo limo jambo linalomgusa kila mtu anayekula kwa kazi ya mikono yake, nalo ni hili: ujuzi wa kazi ni wa nani? Fundi ambaye ajua jambo kwa sababu mafundi wenzake wote walijua, je, aweza kuamka asubuhi moja akakuta ya kuwa jambo hilo limezungushiwa ua, na langoni amesimama mtu mwenye hati mkononi akidai ada?

Chombo chenyewe si cha ajabu. Mwindaji wa Marekani mara nyingi hamfukuzi mnyama. Hujificha majanini au kando ya kinamasi, akatoa sauti ya kumvuta mnyama aje mwenyewe. Bata mwitu huitwa kwa sauti ya bata mwenzake. Dume la kulungu huitwa kwa mguno wa dume mwingine au kwa mlio wa jike. Mbweha na wala nyama wengine huitwa kwa kilio cha sungura aliyejeruhiwa. Sauti nyingi za namna hiyo hutoka katika ulimi mwembamba wa chuma, wa mpira au wa plastiki, uliofungwa upande mmoja tu. Hewa ikipita huutikisa, ukatetemeka, na mrija uliouzunguka huipa sauti umbo lake. Mpiga zumari wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Hata watoto waijua kanuni hiyo. Sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tukibana ubapa wa jani kati ya vidole gumba viwili, tukapuliza, na kilio kilichotoka kiliwashtua mbuzi wa jirani. Hatukujua wakati ule ya kuwa wawindaji wa Ujerumani nao tangu zamani huwaita paa kwa kupuliza jani la mti.

Katika madaftari ya hataza ya Marekani vyombo hivi vina umri mrefu. Elam Fisher wa mji wa Detroit alipata hataza ya chombo cha kuitia bata mwaka 1870. Mwaka 1897 Henry Gibson wa Dardanelle, jimbo la Arkansas, alipata ya kisanduku cha mbao cha kuitia bata mzinga, ambacho hakipulizwi kabisa, bali kifuniko chake husuguliwa juu ya ukingo wa kisanduku mpaka kikalia. Hati hizo zimekwisha muda zamani, na leo yeyote apendaye aweza kuchonga vyombo hivyo bila kumwomba mtu ruhusa, maana hataza si urithi wa milele. Kwa sheria ya sasa ya Marekani hudumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi, tena kwa sharti mwenyewe alipe ada za kuitunza. Wala kuondoa kinywa si jambo jipya. Kwa miaka mingi maduka ya wawindaji yameuza filimbi ya bata yenye mivukuto ya mpira, ambayo mtu huitikisa kwa mkono tu ikalia. Na nani miongoni mwetu asiyeijua ile honi ya baiskeli yenye tufe la mpira? Ukilibinya, hewa hukimbilia ulimi wa chuma, na mwenda kwa miguu huruka kando. Pumzi isiyo ya kinywa, ulimi, na tarumbeta: vyote vitatu vimo katika honi ile.

Hata hivyo tusimdhulumu mwombaji kwa haraka. Anazo sababu, na sababu zake si za mzaha. Kwanza, pumzi ya mtu ina unyevu. Wakati wa baridi kali ya huko unyevu huo huganda juu ya ulimi wa filimbi, na filimbi ikanyamaza saa ile ile inayotakiwa. Pili, mtu apulizaye kwa saa nyingi huchoka, na sauti yake hubadilika. Mnyama ana masikio kuliko sisi. Tatu, mikono ya mwindaji ina kazi nyingine. Na iko sababu ya nne ambayo watu wengi hawaifikiri: sheria ya serikali kuu ya Marekani yakataza, isipokuwa katika nafasi chache, kuwinda ndege wahamao kwa kutumia sauti zilizorekodiwa au zilizokuzwa kwa umeme. Mtu akitaka msaada wa mashine ni lazima atafute njia isiyopita kwenye umeme, na njia iliyo karibu ni hewa. Kwa hiyo aliyefikiri juu ya hewa alikuwa akijibu haja ya kweli. Sisi hatusemi ya kuwa chombo chake hakifai, wala hatusemi asikiuze. Akitengeneze, akiuze, apate faida yake. Ubishi si juu ya haki yake ya kutengeneza. Ubishi ni juu ya haki ya kuwazuia wengine.

Jambo hili halieleweki sawasawa hata na watu waliosoma. Wengi hudhani hataza ni cheti cha sifa, kama cheti apewacho mwanafunzi aliyefaulu. Sivyo. Hataza haimpi mwenyewe ruhusa ya kufanya lolote. Yampa nguvu ya kuwaambia wengine "acheni". Ndiyo sababu serikali haipasi kuitoa kama peremende. Kila inapotoa hati moja, watu wote wengine wamepunguziwa kitu ambacho jana walikuwa huru kukifanya, nao hawakuwapo ofisini siku ile kujitetea. Mkaguzi pekee ndiye aliyekaa mahali pao.

Wamarekani walilitambua jambo hili mapema. Katiba yao yaruhusu Bunge kuwapa wavumbuzi haki ya peke yao, lakini kwa muda uliowekwa, na kwa kusudi la kuendeleza elimu na ufundi. Sheria yao ya kwanza ya hataza ilitoka mwaka 1790, na mmoja wa mawaziri watatu waliopewa kazi ya kukagua maombi alikuwa Thomas Jefferson, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa kubuni vitu lakini aliiogopa mno tabia ya kugawa ukiritimba ovyo. Kisha mwaka 1851 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ambayo yafaa ijulikane na kila fundi wa dunia. Lilikuwa shauri la Hotchkiss dhidi ya Greenwood, juu ya vitasa vya milango. Watu walikuwa wakitengeneza vitasa vya mbao na vya chuma. Mtu mmoja akatengeneza vya udongo wa kufinyanga, kwa namna ile ile ya kuunganisha, akadai ni uvumbuzi. Mahakama ikakataa. Ilisema, kwa maana yake, ya kuwa kubadili mali ghafi peke yake ni kazi ya fundi hodari, si kazi ya mvumbuzi.

Tafadhali msomaji alitazame neno hilo mara mbili, kwa kuwa ndilo kiini cha mambo. Mahakama haikumdharau fundi. Ilisema ya kuwa fundi hodari ni mtu mwenye akili, ambaye akikuta mbao hazifai atajaribu udongo, na akikuta udongo wavunjika atajaribu shaba. Na hiyo akili yake ya kila siku ni hazina ya wote, haiuzwi kwa mtu mmoja. Mwaka 1952 Bunge la Marekani liliandika kanuni hiyo ndani ya sheria, katika kifungu cha 103: kitu hakipewi hataza iwapo kingalikuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi ile. Mwaka 1966, katika shauri la Graham dhidi ya kampuni ya John Deere, mahakama hiyo hiyo iliutumia mtihani huo juu ya plau yenye springi ya kukwepa mawe. Mwenye hataza alikuwa amehamisha mpini wa plau kutoka juu kwenda chini ya kipande kingine. Hati yake ikafutwa.

Lakini shauri lililo karibu zaidi na filimbi yetu ni la mwaka 1958, lijulikanalo kwa jina la Venner, mbele ya mahakama ya rufani iliyoshughulika zamani na mambo ya forodha na hataza. Mwombaji alikuwa na mashine ya kusubu pistoni za injini. Kazi ya kufungua kifaa wakati ufaao ilikuwa ikifanywa kwa mkono wa mtu. Yeye akaweka saa na kifaa cha umeme cha kuifanya kazi hiyo. Mahakama ilimjibu ya kuwa kuweka mashine mahali pa mkono, ili matokeo yawe yale yale, hakutoshi kuwa uvumbuzi. Basi kama mkono wa mfanyakazi wa kiwandani haukuwa na thamani ya hataza ulipoondolewa, kwa nini kinywa cha mwindaji kiwe nayo?

Na mwaka 2007 mlango ulibanwa zaidi. Katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex, juu ya pedali ya kutia mafuta katika gari, mahakama za chini zilikuwa zimezoea kudai ya kuwa mkaguzi aonyeshe maandishi yanayowashauri watu kuunganisha kitu hiki na kile. Yasipokuwapo, mwombaji ashinda. Majaji wote wa Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, waliukataa ugumu huo. Walisema ya kuwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida si roboti. Anao ubunifu wake wa kawaida, aweza kupanga vipande vya maarifa kama mtu apangavyo vipande vya fumbo. Mtu akiunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ile ile ya zamani, na matokeo yakiwa yale yaliyotarajiwa, hapo hapana uvumbuzi. Tukiuweka mtihani huo juu ya filimbi ya hewa, twaona ya kuwa mivukuto yasukuma hewa kama ilivyosukuma kwa mhunzi tangu zama za kale. Ulimi walia kama ulivyolia kwa pumzi. Na kulungu, ikiwa chombo ni kizuri, aja kama alivyokuja zamani. Ni kipi hapo ambacho fundi wa honi asingalikitazamia?

Hapa ndipo twaungana na mkaguzi, nasi twasema wazi. Dai la namna ya "chanzo cha hewa kilichounganishwa na kitoa sauti ya mnyama" lastahili kukataliwa. Tena hatari yake yazidi upana wake. Msomaji asiyejua desturi za ofisi hizo afahamu ya kuwa nguvu yote ya hataza imo katika madai yaliyoandikwa mwishoni mwa hati, sentensi ndefu zisizopumua, na mwandishi wake hulipwa ili atupe wavu mpana kadiri awezavyo. Mtu aweza kuwa amejenga chombo kimoja kidogo kwenye karakana ya nyuma ya nyumba yake, lakini dai lake likaandikwa hivi kwamba lawanasa mwenye mivukuto ya mguu, mwenye tufe la mkono, mwenye mtungi wa gesi, na yule ambaye bado hajazaliwa.

Wala asidhani mtu ya kuwa watu hawashitakiani kwa vitu vidogo namna hii. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ya huko iliamua shauri la kampuni ya Primos dhidi ya Hunter's Specialties, zote mbili za vyombo vya wawindaji, juu ya kifaa cha kuitia wanyama kinachowekwa ndani ya kinywa. Mmoja alikuwa na kibao kidogo juu ya utando unaotetemeka. Mwingine aliweka kikuba kama paa la duara. Wakabishana kama kikuba ni sawa na kibao, na mahakama ikaona ni sawa, mwenye kibao akashinda. Kitu kinachoenea katika kiganja kilikwenda hadi mahakama ya rufani, na kwenda mahakama hiyo ni gharama ambayo fundi mmoja mmoja hawezi kuibeba. Mwenye duka dogo akipokea barua ya wakili mara nyingi hangoji hukumu; huacha kutengeneza, hata kama haki ilikuwa yake. Ndiyo maana twasema ni afadhali hati mbovu ikataliwe mezani pa mkaguzi kuliko kufutwa miaka kumi baadaye, wakati mafundi kadha wamekwisha kufunga karakana zao.

Sasa tuseme na yale ya upande wa pili, maana gazeti lisilosema upande wa pili halimsaidii msomaji wake. Mwombaji hulalamika ya kuwa kila jambo huonekana rahisi likiisha kufanywa. Lalamiko hilo ni la haki. Mkaguzi akaaye ofisini Alexandria, Virginia, na mbele yake mchoro uliokamilika, aweza kurudi nyuma akaokota kipande hapa na kipande pale, akasema "mbona ni dhahiri", ilhali miaka 50 ilipita na hakuna aliyefanya. Mahakama zao zenyewe zimeonya mara nyingi juu ya hekima hiyo ya baada ya tukio. Siku ile ile ya mwaka 1966 walipofuta hataza ya plau, waliithibitisha nyingine, ya betri ya mtu aitwaye Adams. Vipande vya betri ile vilijulikana kimoja kimoja: magnesi, chumvi ya shaba, maji. Lakini wataalamu walikuwa wameamini ya kuwa betri ya namna hiyo haifai, na wataalamu wa jeshi walipoletewa hawakusadiki; ilipofanya kazi, ilifanya kazi kuliko walivyotazamia. Hapo fundi wa kawaida hakuwa karibu kufika. Ujuzi wake ulikuwa umemwambia asiende.

Kwa hiyo mwombaji wa filimbi anao mlango, ila ni mwembamba. Aonyeshe ya kuwa hewa iliyobanwa, ikitolewa kwa ghafula, ilikuwa ikiharibu sauti, mafundi walijaribu wakashindwa, na yeye akapata vali au njia ya kupunguza nguvu ya hewa ambayo yaufanya ulimi ulie kama koo la mnyama hai, ukipanda na kushuka. Koo la mnyama halitoi sauti kwa nguvu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yeyote aliyesikiliza kulungu dume wakati wa kupandana ajua ya kuwa mguno wake huanza kwa uzito ukaisha kwa kukatika. Kama mtu amelipata hilo kwa mtungi na vali, hatutamwita mwizi wa ujuzi wa watu. Lakini na aseme hivyo ndani ya madai yake. Asiseme "hewa", aseme ile vali.

Liko jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuuandike ukurasa huu mzima. Mkaguzi akitaka kusema "jambo hili lajulikana", hana budi kuonyesha ushahidi. Kumbukumbu zake ni hataza za zamani, vitabu, majarida, orodha za maduka. Je, ujuzi usioandikwa? Hadi mwaka 2013 sheria ya Marekani ilikuwa na kasoro ambayo watu wengi wa Afrika na Asia hawakuijua mpaka ilipowauma. Ilisema ya kuwa jambo lililojulikana au kutumiwa na watu ndani ya Marekani lazuia hataza. Bali la nchi nyingine lazuia tu ikiwa limepewa hataza au limechapishwa. Kwa maneno mengine, kijiji kizima cha Tabora kingaliweza kutumia chombo fulani tangu enzi za mababu, mchana kweupe, na mbele ya sheria ile kikawa hakijatumiwa na mtu.

Wahindi ndio waliopiga kelele. Mwaka 1995 hataza ilitolewa Marekani juu ya kutumia manjano, kiungo kile kile cha pilau, kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, na mwaka 1997 madai yale yakakataliwa. Lakini angalieni walivyoshinda. Hawakushinda kwa kuwaleta bibi zao waliopaka manjano kwenye majeraha ya watoto. Walishinda kwa karatasi: maandishi ya zamani ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi. Bibi asiye na karatasi angalishindwa. Sheria mpya ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika kwa mambo haya tarehe 16 Machi 2013, yasema sasa ya kuwa jambo lililokuwa wazi kwa watu mahali popote duniani ni ujuzi uliotangulia. Hilo ni jema. Ila sheria yasema "popote", na mkaguzi bado ana macho mawili na kompyuta moja. Asichokiona hawezi kukitaja.

Turudi kwenye kuita wanyama kwa hewa, maana hapa Afrika ya Mashariki hatukuwa watazamaji tu. Waborana wa kaskazini ya Kenya humwita ndege mlembe, yule aongozaye watu kwenye mizinga ya asali porini, kwa mluzi mkali wauitao fuulido. Hupuliza ndani ya ngumi zilizofumbatwa, au katika kombe la konokono lililotengenezwa, au katika kokwa ya mkoma iliyochimbwa ndani, na mlio wake husikika umbali wa zaidi ya kilomita moja. Wahadza wa pande za Ziwa Eyasi, Tanzania, nao wana miluzi yao ya kumwita ndege huyo, na Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana sauti yao ya koo. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza ya kuwa ndege wa Uhadzani huitikia zaidi mluzi wa Wahadza kuliko sauti ya Wayao, na wa Niassa kinyume chake. Yaani hata ndege ajua ya kuwa ujuzi huu una wenyewe.

Fuulido yaweza kutajwa leo mbele ya mkaguzi wa Marekani kwa sababu moja tu: mwaka 1989 H. A. Isack, mtafiti wa Kenya, pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, waliiandika katika jarida la Science. Ngumi, kombe, na kokwa, vyote vitatu vimo katika karatasi ile. Akitokea kesho mtu mwenye kombe la plastiki la kumwita mlembe, akadai ni lake peke yake, karatasi ile yamsubiri. Lakini ni vyombo vingapi vya wahunzi wetu, wavuvi wetu, walinzi wa mashamba wafukuzao nyani na tembo, ambavyo havijapata Isack wake? Mkataba wa Swakopmund uliofikiwa Namibia mwaka 2010 chini ya shirika la ARIPO ulikusudia kulinda ujuzi wa namna hiyo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 yaagiza serikali za kaunti ziweke daftari lake. Daftari halijiandiki. Wanachama wetu walio walimu, wauguzi, mabwana shamba na makatibu wa matawi hukaa na wazee hao kila siku. Kalamu wanazo, na simu zenye kamera wanazo. Waandike chombo chaitwaje, chatengenezwa kwa nini, chatumikaje, nani alionyesha, na siku gani. Ila wamwulize kwanza mwenye ujuzi kama apenda uandikwe, kwa maana yako mambo ambayo wazee huyaficha kwa sababu zao, na kuyachapisha bila idhini ni unyang'anyi wa namna nyingine.

Kuhusu filimbi ya hewa, sisi twaona hivi. Baraza la rufani huketi majaji wasiopungua watatu, na mwombaji akishindwa hapo aweza kwenda mahakama ya rufani ya Washington. Kama ushahidi wake ni mivukuto na filimbi tu, rufani ikataliwe, na honi ya baiskeli iwekwe mezani kama kielelezo. Kama anayo vali ambayo wengine waliitafuta wakaikosa, apewe hataza ya vali hiyo kwa miaka yake 20, na filimbi, na mivukuto, na hewa yenyewe, vibaki kwa watu wote.